Onyesho la filamu fupi mtaani: mwongozo kwa waandaaji wa Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu watano hadi wanane wanaotaka kuwaonyesha watu wa mtaa wao filamu fupi za vijana wa hapa hapa, jioni moja, watazamaji 100 hadi 150, uwanjani au ukumbini. Kijana aliyetengeneza filamu kwa simu au kamera ya kuazima anastahili kazi yake ionekane na isikike kama alivyoikusudia. Picha ikififia au maneno yasiposikika, mtazamaji hasemi mitambo ni mibovu. Anasema filamu ni mbaya, na jina linaloharibika ni la yule kijana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya yanayofuata inahusu faili, sauti na umeme, na sehemu ndogo tu inahusu mabango na mapambo.

Wiki nane kabla: siku, saa na mahali

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba. Kwa onyesho la nje chagueni Januari, Februari, au kati ya Julai na mwanzo wa Oktoba. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Julai ni wa baridi kweli. Tangazo liwaambie watu waje na shuka au jaketi, na shughuli nzima isizidi saa mbili. Moshi iko chini zaidi, baridi si hoja sana. Kule mjiandae kwa joto na wadudu.

Jua letu huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Nusu saa baada ya jua kuzama skrini inasomeka vizuri. Filamu ya kwanza ianze saa 1:15 usiku na ya mwisho iishe kabla ya saa 3, ili anayepanda kifodi kurudi Ngarenaro, Sakina au Usa River asikose usafiri. Kama kuna msikiti jirani, adhana ya magharibi itakuwa imekwisha, lakini ya isha itaangukia katikati ya programu, kati ya saa 1:35 na saa 2:05 kulingana na mwezi. Ulizeni saa kamili ya wiki hiyo, kisha pangeni mapumziko au utambulisho wa mwongozaji uangukie dakika hizo. Ni heshima kwa majirani, na filamu ya maongezi nayo inapona.

Angalieni pia ratiba ya ligi. Siku ya Simba na Yanga msijaribu kabisa.

Kuhusu mahali, nendeni usiku, si mchana. Simameni pale skrini itakapokaa na mtazame pande zote. Mbalamwezi isiwatishe, mwanga wake ni mdogo mno kuharibu picha. Kinachoharibu ni taa ya barabarani, taa ya ulinzi ya jirani, au duka la upande wa pili lenye taa nyeupe ya bomba mbele. Skrini itazame mbali na taa hizo ili mwanga upige mgongo wake. Kama taa ya jirani haikwepeki, mwombeni mapema aizime kwa saa mbili. Watu wengi hukubali wakiombwa wiki moja kabla, na wengi hukataa wakiombwa filamu ikiwa imeshaanza.

Ukumbi unawaokoa na upepo na mvua ya rasharasha, lakini ukumbi wa sakafu ya saruji na kuta tupu unarudisha mwangwi hadi maneno yanavurugika. Ingieni mpige makofi mara moja: mkisikia mlio unaendelea baada ya kofi, mtahitaji mablanketi au mazulia ya kutundika ukuta wa nyuma. Na kama paa ni bati lisilo na dari, mvua kubwa itazima sauti yote, hakuna spika itakayoshinda.

Vibali

Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, filamu hukaguliwa na kupewa kibali kabla ya kuonyeshwa hadharani, na onyesho la bure mtaani ni hadhara kama sinema. Mamlaka ni Bodi ya Filamu Tanzania. Mlango wenu wa kwanza ni Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Jiji la Arusha, au wa Manispaa kwa walio Moshi. Mpelekeeni orodha ya filamu yenye jina la kila filamu, mwongozaji, dakika, lugha na muhtasari wa mistari mitatu, muulize ada ya sasa na muda wa ukaguzi, kisha mpange tarehe kufuatana na jibu lake. Tangazo lisitoke kabla ya hapo. Filamu iliyopewa daraja la watu wazima haiwezi kuingia kwenye jioni ambayo watoto wamekaa mkekani mbele, hata iwe nzuri kiasi gani. Itafutieni siku yake.

Barua nyingine ni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, nakala kituo cha polisi, zikitaja siku, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu na jina la mtu mmoja wa kuwajibika. Tembeeni na nakala zilizogongwa muhuri usiku wa onyesho.

Wiki sita kabla: kuita filamu

Kimataifa filamu fupi huweza kufika hata dakika 40. Kwa jioni ya mtaani wekeni ukomo wa dakika 15. Filamu moja ya dakika 35 inakula nafasi ya vijana watatu, na watazamaji waliokaa kwenye viti vya plastiki hawaivumilii.

Fomu ya kuwasilisha iwe fupi: jina la filamu, mwaka, dakika na sekunde, lugha inayozungumzwa, jina la mwongozaji kama anavyotaka lisomwe, namba ya simu, na maswali matatu ya ndiyo au hapana. Je, muziki wote ni wako au una ruhusa ya maandishi? Je, watoto walioonekana, wazazi wao waliridhia? Je, filamu imeshawekwa mtandaoni? Swali la muziki ndilo linaloangusha wengi. Kijana anachukua biti ya wimbo maarufu wa Bongo Fleva, anauweka chini ya tukio zima, anaona ni sawa kwa kuwa hauzi chochote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haitofautishi hivyo. Mwambieni mapema abadilishe. Mara nyingi rafiki mwenye gitaa au kinanda anatosha, na filamu hupata sauti yake yenyewe.

Filamu zisipokelewe kwa WhatsApp kama video. Inabanwa, na usiku wenye giza kwenye picha unageuka vipande vipande vya kijivu. Pokeeni kwa Google Drive au kwa flashi mkononi. Flashi iwe imefomatiwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 na kunakili kunakatika katikati.

Watu watatu watazame kila filamu mwanzo hadi mwisho, angalau mmoja akiwa amevaa hedifoni. Filamu nzuri yenye kasoro inayorekebishika irudishwe kwa mwenyewe ikiwa na maelezo anayoweza kuyatumia: "dakika ya 3 sekunde 20, maneno ya mama hayasikiki, shusha muziki hapo", pamoja na wiki moja ya kurekebisha. Aliyekosa nafasi naye apigiwe simu aambiwe sababu. Kwa wengine hii ni mara ya kwanza kumwonyesha mtu nje ya familia, na ukimya unawakatisha tamaa kuliko jibu la hapana.

Kupanga mfuatano

Filamu saba au nane, jumla ya dakika 65 hadi 75. Ya kwanza iwe fupi, dakika 5 hadi 7, yenye mwanga wa mchana na kicheko ndani yake. Sababu ni mbili: watu bado wanaingia na kutafuta viti, na saa 1:15 anga halijawa jeusi kabisa, kwa hiyo filamu yenye matukio ya usiku itaumia ikianza. Filamu nzito kuliko zote ikae ya pili kutoka mwisho, kisha mfunge na inayowaachia watu moyo mwepesi. Filamu mbili zenye mada moja zisifuatane, la sivyo ya pili itapimwa kwa ya kwanza badala ya kutazamwa.

Fikirieni lugha pia. Kwenye mitaa yetu filamu moja ina Kimaasai, nyingine Kichaga, nyingine Kimeru, na mtazamaji wa kiti cha mwisho anajua Kiswahili tu. Maandishi ya tafsiri yachomwe ndani ya picha yenyewe, yasiwe faili la pembeni linaloweza kusahaulika. Kwenye picha ya 1920 kwa 1080 herufi ziwe na kimo cha nukta 50 hivi, nyeupe zenye ukingo mweusi, mistari isizidi miwili, herufi zisizidi 40 kwa mstari, na kila andiko likae si chini ya sekunde moja. Yapandisheni kidogo kutoka ukingo wa chini, maana vichwa vya watu hufunika pale.

Wiki mbili kabla: faili moja la programu nzima

Kuna wanaopanga filamu kwenye orodha ya VLC na kubonyeza moja baada ya nyingine. Inawezekana, lakini kila mpito ni nafasi ya kosa: jina la faili linatokea juu ya picha, kompyuta inaonyesha meseji, filamu moja inapiga kelele na inayofuata haisikiki. Njia iliyo salama ni kuziunga zote kuwa faili moja kwa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video ambayo toleo lake la bure linatosha.

Fungueni mradi wa 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Kabla ya kuingiza filamu yoyote iliyopigwa kwa simu, ipitisheni kwanza HandBrake, programu ya kubadili faili za video, mkichagua kasi ya fremu isiyobadilika. Simu nyingi hupiga kwa kasi inayopanda na kushuka kulingana na mwanga, na programu ya kuhariri ikidhani kasi ni moja, midomo na maneno huachana taratibu. Dakika ya kwanza huoni, dakika ya nane mtu anafunga mdomo na sauti bado inatoka. Filamu ya skrini pana iachwe na mistari yake myeusi juu na chini. Ya wima, iliyopigwa simu ikiwa imesimama, iachwe wima katikati. Msiikate picha ya mtu ili ijae skrini.

Kati ya filamu na filamu wekeni sekunde 5 za giza tupu, kisha kadi ya sekunde 6 yenye jina la filamu na mwongozaji, kisha filamu. Majina ya mwisho yaachwe yapite yote. Kijana aliyeshika maiki ya fimbo siku tatu juani anasubiri kuona jina lake, na mama yake naye yupo.

Sauti sawazisheni kwa kipimo, si kwa sikio peke yake. Resolve ina mita ya LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia: pelekeni kila filamu kwenye kiwango kimoja, kwa mfano -18, na kilele kisivuke -1. Kisha sikilizeni kwa sikio, maana filamu yenye ukimya mwingi na mlipuko mmoja inaweza kupima sawa huku maongezi yake yakiwa chini. Pale maongezi ndiyo mwamuzi, si mita.

Toeni faili la MP4, H.264, kasi ya Mbps 15 hadi 20, sauti AAC ya 48 kHz. Kwa programu ya dakika 75 mtapata faili la GB 8 hadi 11. Tengenezeni nakala tatu: ndani ya kompyuta ya onyesho, ndani ya kompyuta ya akiba, na kwenye flashi iliyo mfukoni mwa mtu wa tatu. Faili likishatoka, mtu alitazame lote tangu mwanzo, maana kuna faili linalokatika dakika ya 52 bila onyo lolote.

Skrini na projekta

Kwa watu 150 skrini ya mita 4 kwa 2.25 inafaa. Watengenezaji wa mabango wanaweza kuwakatia fleksi nyeupe isiyong'aa, yenye matundu ya chuma kila nusu mita pembezoni. Kateni mita 4.3 kwa 2.6 ili kubaki na ukingo, na ukingo huo ufunikwe kitambaa cheusi. Picha huonekana kali zaidi ikizungukwa na weusi. Shuka jeupe la kawaida linapitisha mwanga na kukunjamana, litumieni kwa skrini ya mita 2 ndani ya chumba tu. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe na kulainishwa ni bora kuliko shuka.

Fremu ijengwe kwa mirunda au mabomba ya jukwaa la ujenzi. Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.5 kutoka ardhini, ili wa nyuma wasisome maandishi kupitia nywele za walio mbele. Upepo ndio adui hapa. Skrini ya mita za mraba 9 ikipigwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 60, na Arusha upepo huo unaweza kushuka kutoka upande wa Meru jioni bila taarifa. Kwa hiyo msifunge matundu kwa kamba ngumu. Chukueni mpira wa ndani wa baiskeli, ukate vipande vya upana wa vidole viwili, upitishe kila kipande kwenye tundu na kukifunga kwenye mrunda kikiwa kimevutwa nusu. Upepo ukija, skrini inajikunja nyuma kidogo na kurudi; kwa kamba ngumu inachanika tunduni au inaangusha fremu nzima. Kila mrunda uwe na kamba mbili za kuushikilia, mbele na nyuma, zilizofungwa kwenye vigingi au viroba vya mchanga vya kilo 40, na kamba hizo zifungwe vitambaa vyeupe ili watoto wasijikwae.

Projekta iwe na angalau lumeni 3,500 za kipimo cha ANSI. Neno hilo ANSI muulizieni mkodishaji waziwazi, kwa kuwa vile vidogo vya bei nafuu huandikwa lumeni 9,000 kwenye boksi na mwanga wake halisi ni wa kumulika kitabu. Umbali mnaupata kwa kuzidisha upana wa skrini kwa uwiano wa lenzi: uwiano wa 1.5 na skrini ya mita 4 ni mita 6. Projekta ikae juu ya meza imara au stendi, katikati kabisa ya skrini. Ile kazi ya kunyoosha picha kwa kitufe inapunguza ukali, nyoosheni kwa kusogeza meza. Kompyuta ikae karibu na projekta, kwa kuwa waya wa kawaida wa HDMI ukizidi mita 10 picha huanza kukatikakatika.

Viti vya mbele vianze mita 6 kutoka skrini, vya mwisho visivuke mita 14 hivi. Watoto mikekani kati ya skrini na viti, pembeni kidogo. Njia ya katikati iwe mita 1.2, na hakuna waya unaoikatiza bila kufunikwa mkeka uliobandikwa.

Anayechoma mishikaki ni rafiki wa onyesho, lakini jiko lake likae upande upepo unakoelekea. Moshi ukipita kwenye mwale wa projekta, picha inakuwa ukungu na kila mtu anageuka kutazama moshi.

Sauti

Fedha zikiwa chache, punguzeni skrini kabla ya kupunguza sauti. Mtu anaweza kufuatilia filamu yenye picha ya wastani ikiwa anasikia kila neno. Akikosa maneno, baada ya dakika nne anafungua simu.

Kwa watu 150 nje mnahitaji spika mbili zenye amplifaya ndani, za inchi 12, juu ya stendi, moja kila upande wa skrini. Mdomo wa spika uwe juu ya vichwa vya waliokaa, mita 2 hivi, ukiinama kidogo kuelekea safu ya katikati. Spika ikiwekwa chini inawapigia kelele watoto wa mbele huku miili yao ikimeza sauti, na fundi anaongeza volumu hadi mbele wanaziba masikio na nyuma bado hawasikii. Dawa ni kuinua spika. Msiweke spika nyuma ya watazamaji kwa lengo la kuwafikia wa mwisho: sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, wa nyuma watasikia neno mara mbili, moja kutoka mgongoni na jingine likija baadaye kutoka mbele.

Fundi wa muziki wa harusi ana vifaa vizuri, ila mkono wake umezoea besi. Mwambieni tangu mwanzo kwamba jioni hii ni ya maongezi. Besi ishushwe, mwangwi wa maiki uzimwe kabisa, na masafa ya sauti ya binadamu yaachwe wazi. Subwoofa ikae nyumbani.

Bluetooth isitumike hata kidogo. Inachelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde inayotosha kutenganisha neno na mdomo. Tumieni waya kutoka kompyuta hadi mikisa. Mkisikia mlio wa "mmmm" usiokoma, kwanza chomoeni chaja ya kompyuta. Ukinyamaza, tatizo ni njia mbili za ardhi ya umeme. Lisheni kompyuta, mikisa na spika kutoka chanzo kimoja, na mlio ukibaki ombeni kwa fundi kisanduku cha DI, kinachokata njia hiyo ya ardhi, kiwekwe kati ya kompyuta na mikisa.

Mizani ya sauti hupangwa hivi. Chagueni kipande cha filamu chenye mtu anayenong'ona. Kichezeni, mmoja wenu akae kiti cha mwisho pembeni, mwingine mkekani mbele. Pandisheni polepole hadi wa nyuma aweze kurudia maneno aliyoyasikia, kisha mwulizeni wa mbele kama anaumia. Wekeni alama ya plasta kwenye mikisa. Viti vikijaa mtaongeza kidogo tu, kwa kuwa watu humeza sauti.

Umeme

Jumlisheni: projekta wati 300, spika mbili wati 300, kompyuta 65, mikisa 20, taa za njia 50. Ni kama wati 735. Nunueni uniti za Luku mchana, msitegemee zilizobaki za mwenye ukumbi. Saa 2 usiku, mtandao ukisumbua, token haiji.

Projekta na kompyuta zipite kwenye UPS, yaani betri ya akiba, ya VA 1,000. Itawapa dakika 5 hadi 10, muda wa kuwasha jenereta. Faida kubwa zaidi ni kwa taa ya projekta: ikizimika ghafla ikiwa ya moto, feni nayo husimama, taa huchakaa, na hukataa kuwaka tena hadi ipoe. Watazamaji hawasubiri hivyo.

Jenereta hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa Arusha ni kama asilimia 15, kwa Moshi asilimia 10 hivi. Ya kilowati 2 inawatosha, ya kilowati 1 haiachi akiba ya kutosha. Ikae mita 25 au zaidi, nyuma ya ukuta, na bomba la moshi litazame nje. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita za mraba 2.5, ukunjuliwe wote. Ukiachwa umeviringika kwenye roli na mzigo unapita, hupata joto hadi plastiki inalainika. Soketi zote zisigusane na nyasi zenye umande. Ziinuliwe juu ya tofali na kufunikwa.

Usiku mmoja kabla

Fanyeni jaribio kamili, mahali penyewe, gizani, vifaa vyote. Waiteni waongozaji waje. Kila mmoja aone dakika mbili za filamu yake, aseme kama rangi na sauti ni zake. Filamu ya usiku mara nyingi itakuwa imezama kwenye weusi kwa sababu ilihaririwa kwenye kioo kinachong'aa. Mwenye filamu akiridhia, mpandishieni mwanga kidogo na mtoe faili upya usiku huo huo. Hii ndiyo hatua inayorukwa na waandaaji wengi, na matatizo mengi ya jioni ya onyesho yangeonekana hapa.

Kwenye kompyuta zimeni masasisho, meseji, usingizi wa kioo na intaneti kabisa.

Siku yenyewe

Saa 9 alasiri mirunda na skrini. Saa 10:30 meza, spika, nyaya. Saa 11:30 viti na mikeka. Saa 12 jioni jenereta iwashwe ipimwe na mzigo wote kwa dakika kumi, kisha izimwe. Saa 12:30 milango, muziki wa chini mlioupatia ruhusa. Saa 1:10 mshereheshaji anakaribisha kwa dakika tatu, anasema choo kiko wapi na filamu ni ngapi. Saa 1:15 giza na filamu ya kwanza.

Mgeni rasmi apewe nafasi baada ya filamu ya kwanza, dakika tano, na aambiwe hivyo kwenye barua ya mwaliko. Hotuba ikitangulia filamu, ratiba yote inasogea na mnamalizia saa 4 na viti vitupu.

Mtu mmoja asiondoke kwenye meza ya projekta hata kwa dakika. Wa pili awe jirani na jenereta. Wa tatu akae safu ya mwisho, kazi yake ni kusikiliza tu na kumwashia fundi tochi: mara moja ongeza, mara mbili punguza.

Mkifanya nje mwanzoni mwa mvua, jiandaeni kwa kumbikumbi. Baada ya mvua ya kwanza huibuka kwa maelfu na kukimbilia kitu chenye mwanga mkali kuliko vyote, yaani lenzi na skrini yenu. Wekeni balbu kali mita 20 pembeni, juu ya beseni la maji, iwe tayari kwenye swichi yake. Wakianza, simamisheni filamu, zimeni mwanga wa projekta, washeni balbu, subirini dakika kumi. Wengi watahamia kule, na watoto watajua la kufanya nao.

Mazungumzo baada ya filamu

Dakika 20, si zaidi. Waongozaji wote wapande pamoja, wakae. Maiki mbili: moja kwao, nyingine mikononi mwa kijana anayekimbia kati ya watu na asiyeiachia. Mshereheshaji awe amezitazama filamu zote na awe na swali moja mahususi kwa kila mwongozaji, la namna ile tukio la sokoni ulilipigaje bila watu kutazama kamera, kuliko lile la umejisikiaje. Watazamaji waombwe kuuliza, si kuhutubia. Mzee akitaka kutoa nasaha apewe nafasi yake, kwa ufupi na kwa heshima, mwishoni.

Gaweni vikaratasi vyenye maswali matatu: filamu gani utamsimulia mtu kesho, wapi hukusikia au hukuelewa, na umetoka mtaa gani. Kila mwongozaji apewe nakala za vyote vinavyomhusu, hata vikali.

Wiki inayofuata

Kama kulikuwa na kiingilio au michango, hesabu isomwe mbele ya waongozaji ndani ya siku saba, na fungu lao, hata dogo, litoke kabla ya posho za kamati. Faili la programu lifutwe kwenye kompyuta zote isipokuwa kwa ruhusa ya maandishi. Msirushe filamu nzima mtandaoni wala kuziweka kwenye ukurasa wa kikundi; matamasha mengi huuliza kama filamu imeshawekwa wazi, na kijana anayetaka kupeleka kazi yake ZIFF, tamasha la Zanzibar linalofanyika tangu 1998, asikute mlango umefungwa na waandaaji wake wenyewe. Mwandikieni kila mmoja barua yenye muhuri wa kikundi ikitaja jina la filamu, tarehe, mahali na idadi ya watazamaji mliowahesabu mlangoni. Ataiambatanisha kwenye kila ombi la ufadhili atakaloandika mwaka huo.